Dia ya Mla-Jua

Betri zikianikwa juani hutoa harufu yake, harufu ya chuma kilicholowa chumvi, na nyinyi wa rika langu mnaijua. Juzi mjukuu wangu Ikran alizitoa betri za rimoti ya televisheni akaziweka dirishani zipate joto, maana hapa Garissa jua halikosekani na dukani alikuwa mvivu kwenda. Nikapita pale na upawa mkononi, ile harufu ikaniingia, nikakaa chini kama mtu aliyepigwa ngwala. Ikran akadhani ni presha. "Ayeeyo, vipi? Nikuletee maji?" Ayeeyo ndiyo bibi kwetu. Nikamwambia sina kitu, arudi akatazame mambo yake.

Mambo yake ni zile filamu za mfululizo za watu wanaoishi angani, wanaoendesha vyombo vyao kati ya nyota kama sisi tulivyoswaga mbuzi kati ya vichaka. Wana mbaya wao mmoja, uso wa rangi ya jivu, na kila akifa anarudi. Ikran alikuwa amenuna. "Huyu si walimlipua? Si tulimwona akiungua mpaka mifupa? Wanatuchezea hawa, wallahi!"

Nikamwambia, "Amerudi kwa sababu hakuna aliyelipa dia, fidia ya damu yake."

Alicheka mpaka akaanguka kwenye mito. Alidhani natania. Mimi sitanii, na watoto wa nyumba hii wote wanalijua hilo. Ila hili hakulijua kwa sababu sikuwahi kumwambia. Nawaambia nyinyi kwanza, mliokula njaa ileile niliyokula mimi.

Sisi tulikuwa watu wa ngamia na mbuzi, upande wa Kotile. Tulihama na majani. Redio ilikuwa moja, ya Adeer Abdi, ndugu mdogo wa baba yangu, aliyeinunua kwa ngozi za mbuzi na akaivalisha koti la ngozi kama mtoto wa sultani. Mara moja kwa wiki, baada ya sala ya alasiri, ilitoa sauti za Kisomali kutoka mbali, zikatuletea mchezo wa mfululizo. Betri zilikuwa zimeshinda juani tangu asubuhi juu ya jiwe, na mtoto aliyezigusa alikiona. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma yao na kazi zao mikononi, sisi watoto nyuma kabisa, karibu na kinyesi cha ngamia.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Nahodha mmoja mwenye chombo cha moto, aliyekuwa akipita nyota kwa nyota kuwaokoa watu. Adui yake alikuwa Mla-Jua. Huyu alitoka kwenye nyota iliyozimika, naye kazi yake ilikuwa kumeza majua ya watu wengine, wakabaki kwenye giza na baridi. Sauti yake ilikuwa kama jiwe linalobiringishwa ndani ya pipa. Mimi nilikuwa nikiisikia, naibana miguu ili nisijikojolee. Mama yangu hakuogopa. Alisema, "Aje ameze hili letu kidogo, mbuzi wapumzike."

Kila hadithi ilipofika mwisho, Nahodha alimuua. Mara kwa moto, mara kwa kumtupa kwenye shimo lisilo na chini. Adeer Abdi alipiga goti lake kwa furaha. "Amekwisha, mbwa huyo!"

Baba yangu alikuwa akikuna ndevu. "Amekufa, haya. Dia yake nani analipa?"

"Aa, kaka! Huyo ni jini wa redio."

"Jini naye ana watu wake. Unamuua mtu, unajipangusa mikono, unapanda chombo chako unakwenda? Wazee hawakukaa, ngamia hakutoka zizini? Atarudi huyo. Wiki ijayo mtamsikia."

Na wiki iliyofuata ile sauti ya pipa ilirudi, kweli. Watu wote waligeuka wakamtazama baba. Baba naye alitazama mbali kwa upole, kama mtu aliyeshinda kesi na hataki kujionyesha. Walikuwa wakicheka, wakubwa. Mimi sikucheka. Mimi niliichukua kama sheria ya mbingu na ardhi, kwamba mtu akiuawa na jambo lake lisimalizwe, hulala kidogo tu kisha huamka.

Betri zikifa kabisa, zikikataa hata jua, dada yangu Sahara aliendeleza mchezo. Ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wasichana. Ulimi wake ulikuwa mrefu mpaka mama alisema utamtangulia kufika kwa mume. Sauti ya Nahodha aliitoa puani. Ya Mla-Jua aliitoa kwa kutia mdomo ndani ya kibuyu kitupu cha maziwa, na hata wale wakubwa waliojifanya wanapita tu walisimama. Adeer Abdi alikuwa akilalamika kwamba Sahara anamharibia redio yake, watu hawataki tena kungoja betri.

Kisha mvua ikakosa, na mvua nyingine nayo ikakosa.

Mnajua foleni ya kisima wakati wa ukame inavyokuwa. Nani alikuwa wa kwanza, nani ameingiza ngamia wake katikati. Ndugu yetu Bishar alikuwa na hasira za karibu. Kijana mmoja wa watu wengine, jina lake Omar, aliishika kamba ya ndoo ambayo Bishar aliiona ni yake. Maneno yalikuwa machache, nasikia. Kisha Bishar akatoa kisu.

Alipita nyumbani kabla habari haijafika. Alikunywa maziwa akiwa amesimama, akachukua viatu vya baba, akaenda. Mama alimwuliza, "Unakwenda wapi na jua hili?" Bishar alivuka mpaka wa nchi, na hadi leo hakuna aliyeniambia kaburi lake liko wapi. Baadaye kidogo tukasikia vilio vikitoka upande wa kisima, tukajua kwamba Bishar hakuwa amekwenda kutafuta ngamia kama tulivyodhani.

Wazee wa pande zote walikaa, wakaondoka, wakakaa tena. Sisi watoto tulikatazwa kucheka na kupiga kelele. Baba alikonda akawa kama fimbo yake. Mwisho walipatana. Ngamia walitolewa, wa kwetu na wa jamaa zetu wote. Lakini ngamia peke yao hawakutosha, kwa sababu damu ilikuwa bado mbichi na vijana wa upande ule walikuwa wananoa visu. Kwetu pana msemo kwamba palipomwagika damu pamwagike maji ya uzazi. Maana yake msichana hutolewa katika nyumba ya aliyeua, akaolewa katika nyumba ya aliyeuawa, ili akizaa, mtoto awe wa wote na chuki ikose pa kukaa.

Baba alirudi, akakataa chai. Mama alimtazama. Hakumwuliza wameamua nini. Alimwuliza, "Yupi?"

Sahara alikuwa pembeni akisukasuka maziwa yatoe siagi. Hakusimamisha mkono. Niliisikia ile sauti ya maziwa ikienda vilevile, chwa, chwa, wakati baba akitaja jina lake.

Nilisikia wakubwa wakisema anapelekwa kwa watu wa marehemu ili jambo lile lisirudi. Mimi nikaelewa kivyangu. Nikaona kwamba Omar atatoka ardhini na sauti ya pipa, na Sahara anapelekwa kumzuia mlangoni. Nikamfuata zizini. "Abaayo," nikamwambia, dada yangu, "unapelekwa kwa Mla-Jua?"

Alinitazama, akacheka. "Naa wewe! Kuna jua gani la kumeza kule? Wana mbuzi tu, na hao wenyewe wamekonda." Sikumsikia akicheka tena hivyo.

Msichana akiolewa ni lazima apelekwe na mikeka ya nyumba yake. Mnakumbuka kazi ile. Magome ya mgunga hutafunwa mpaka yalainike yawe nyuzi, mdomo unakuwa mwekundu, ulimi unakauka kwa uchungu. Kwa harusi ya kawaida wanawake hutafuna na kuimba, wanamtania bwana harusi mpaka jua linatua. Kwa Sahara walikuja, wakatafuna, hawakuimba. Wakishachoka waliondoka, tukabaki mimi na yeye na lile rundo la magome. Nikamwomba anisimulie mchezo. Redio wakati huo ilikuwa imenyamaza, Adeer Abdi hakuwa na ngozi ya kuuza.

Alitema nyuzi mkononi. "Nitakusimulia yale ambayo redio haikuyasema," akaniambia. "Redio ilianzia katikati."

Na hivi ndivyo alivyoniambia. Mla-Jua hakuzaliwa mla jua. Alikuwa mchungaji tu wa nyota yake, mwembamba, anayependa mzaha. Siku moja alikwenda kwenye kisima cha nuru ambako vyombo vya angani huja kunywa. Nahodha naye alifika, chombo chake kina kiu. Wakagombana zamu. Nahodha akamuua. Hicho ndicho kifo cha kwanza, na redio haikukitaja. Basi watu wa Nahodha hawakuwa wabaya. Walituma mali, wakakaa na wajomba na ami za marehemu, wanaume na wanaume, wakapeana mikono. Jambo likaisha.

"Kama limeisha mbona anarudi?" nikauliza.

"Kwa sababu hakuna aliyekwenda kwa mama yake," Sahara akasema. "Hakuna aliyesimama mbele yake akamwambia kwa mdomo wake, sisi ndio tuliomuua mwanao. Kwa hiyo kila akifa anakwenda kwanza kwa mama. Anamwuliza, wamekuja kukwambia? Mama anamjibu, bado. Naye anainuka tena. Yale majua hana njaa nayo, abaayo. Anazima taa ili watu wanyamaze, labda wakinyamaza watasikia."

Gome lilikuwa mdomoni na nilisahau kulitafuna. Kisha nikamwuliza, "Mali walituma. Na msichana, walituma?"

"Walituma."

"Alifanyaje huko? Alirudi?"

Alirudisha magome mdomoni, akatafuna kwa muda. "Hadithi ni ya Mla-Jua," akasema. "Si ya msichana."

Walimchukua asubuhi, mikeka imefungwa juu ya ngamia. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama hakutoka ndani.

Nilimwona tena alipojifungua. Mama alinichukua tukaenda na samli na mbuzi mmoja wa maziwa. Mtoto alikuwa wa kiume, na walimpa jina la Omar, kama ilivyotakiwa. Mume wake, Hassan, alikuwa ndugu wa marehemu. Hakuwa mkatili. Hakumpiga. Alikula alichopikiwa akainuka, basi. Mwenye nyumba alikuwa mama yao, Dahira, mwanamke mrefu asiyepepesa macho. Alimshika yule mtoto kutwa, akimrudisha kwa Sahara wakati wa kunyonya tu, na hakumtaja Sahara kwa jina. Aliwaambia wengine, "Mwambieni yule, mtoto ana njaa." Yule ni Sahara, aliyekuwa amekaa karibu naye kiasi cha kuguswa.

Sahara wangu alikuwa amenyamaza. Yule aliyekuwa akisema na kibuyu mdomoni! Uso ulikuwa uleule, lakini maneno yalitoka mojamoja kama maji ya kisima kinachokauka. Nikataka kumfurahisha. Nikamnong'oneza kwamba Adeer Abdi amepata betri mpya, na mchezo umekwisha kabisa. Nahodha amemsukuma Mla-Jua ndani ya jua kubwa kuliko yote, amekuwa majivu, na mtangazaji mwenyewe amesema ndio mwisho. Watu wamepiga makofi, isipokuwa baba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na mama yake?" akauliza. "Nani alimwambia?"

"Redioni hakuna mama."

"Basi haujaisha."

Hapo ndipo nilipoelewa kidogo, kwa akili ya mtoto. Nikamtazama Dahira kule mlangoni, na mtoto mapajani. "Si umwambie wewe?"

Alinishika mdomo kwa kiganja, haraka. "Wamenileta nizae na ninyamaze," akasema. "Kila asubuhi nasema leo nitamwambia. Nikimkaribia, ulimi wangu unakuwa kama nimetafuna magome. Sisi tumeliita jambo hili limekwisha, abaayo, na yeye hakuna hata mtu aliyemwuliza kama amelisikia."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosema na dada yangu. Mimba ya pili ilimwondoa, yeye na mtoto aliyekuwa ndani. Walimzika huko. Sisi tulipata habari kutoka kwa wauza maziwa, amekwisha kulala ardhini siku nyingi.

Nilikuwa nimeshakuwa mwanamke wakati watu wao walipokuja. Walikunywa chai ya baba, wakasema nyumba ya Hassan imeanguka, na nguzo itoke palepale ilipotoka ya kwanza. Nyinyi mnaijua mila hiyo. Mke akifa, mdogo wake huchukua mahali pake, hasa pakiwa na mtoto mdogo, na hasa kwa ndoa iliyofungwa juu ya damu. Baba aliinamisha kichwa. Mama safari hii hakuuliza yupi. Nilikuwa nimebaki peke yangu.

Nilitafuna magome yangu mwenyewe. Na nilipokuwa nikitafuna niliwaza jambo moja tu. Sikumwaza Hassan, wala hata yule mtoto wa dada yangu. Niliwaza kwamba katika nyumba ile kuna mtu anayengoja, na nikinyamaza nami nitakauka kama Sahara, kisha watakuja kumtafuta wa tatu kwa watoto wa shangazi.

Tulifika adhuhuri. Ami wa Hassan alitangulia mbele kama mtu anayeleta zawadi. Wanawake walinionyesha nyumba, niingie nifunikwe. Sikuingia. Nilishuka nikaenda moja kwa moja hadi alipokaa Dahira juu ya ngozi, akichambua mahindi, na mtoto Omar amelala kando yake. Nikasimama mbele yake. Mdomo wangu ulikuwa na mate.

"Hooyo," nikamwita, ndiyo mama kwetu, "mimi ni dada yake Bishar. Bishar ndugu yangu alimuua mwanao Omar pale kisimani. Sisi ndio tuliomuua."

Wanawake walivuta pumzi. Ami akaja mbio na fimbo. "Naa! Funga mdomo! Mambo haya yamekwisha zamani!"

Dahira hakuniondolea macho. Alimwuliza yule mwanamume, "Yamekwisha kwa nani?"

Ami akasimama na fimbo yake juu.

Dahira alinyosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kucha zikaingia. Alama ziko mpaka leo, Ikran alizidhani ni za ndui. Alinivuta chini uso wangu ukawa sawa na wake. "Alisema nini?" akaniuliza. "Mwanangu alipoanguka. Alisema nini?"

"Sijui."

"Ndugu yako hakuwaambia?"

"Hakukaa. Na sisi hatukuuliza, hooyo. Hakuna aliyeuliza."

Aliniachia. Nilingoja anipige, na angenipiga ningeona ni haki yake. Hakunipiga. Alichukua sinia la mahindi akalisogeza katikati yetu. "Keti," akasema. "Chambua."

Nikaketi. Akaanza kunieleza mwanawe alikuwa nani. Kwamba alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto na hakuna kipigo kilichomwachisha. Kwamba aliogopa vinyonga mpaka alipoota ndevu. Kwamba aliiba sukari, akilamba anafumba macho akidhani asipoona haonekani. Alisema bila kulia na bila kupumzika, na watu wakachoka kusimama, wakaondoka mmoja mmoja, ami naye na fimbo yake. Hassan alikuja akasikiliza kwa mbali, akageuka akaenda kwa ngamia.

Hakunisamehe. Nimeishi na mama yule mpaka alipofariki, nimemwosha kwa mikono yangu, na neno hilo halikutoka mdomoni mwake, wala sikulidai. Lakini mchana ule, mahindi yalipokwisha, aliliweka kando sinia tupu. Kisha akaniuliza dada yangu alikuwa mtu wa namna gani. Akasema waliishi boma moja, walichota maji kwenye mtungi mmoja, na hakuwahi kumwuliza jambo.

"Alikuwa na ulimi mrefu, hooyo," nikamwambia. "Na hapa hamkuusikia."